UZI: Kubadili baiskeli ya kawaida kuwa ya umeme kwa bajeti ndogo. Bana kwenye spidi, usibane kwenye breki na betri

FundiWaya (Tabora)

Wakuu, habari za majukumu.

Maswali ya baiskeli za umeme yamekuwa mengi humu, na majibu mengi yanaishia "agiza seti China, funga, tembea". Kazi yangu ni umeme mdogomdogo na baiskeli, kwa hiyo nimeona nifungue uzi mmoja wenye nyama, tuchambue hadi mtu mwenye hela ya mawazo aweze kujipanga.

Msimamo wangu nautoa mapema. Anayetaka kutumia hela kidogo abane kwenye spidi na kwenye ukubwa wa mota. Breki na betri zisibanwe hata senti. Watu wengi hufanya kinyume: wanakimbilia mota ya wati 1000, betri wanaokoteza, breki wanaacha zile zile za kiwandani.

Kwa nini spidi? Mtu na baiskeli yake tuseme ni kilo 100 kwa pamoja. Kwenye lami tambarare bila upepo, kwenda kilomita 20 kwa saa kunahitaji nguvu ya kama wati 100 tu. Ukitaka 35 kwa saa, mahitaji yanaruka hadi karibu wati 400, kwa sababu upepo unaousukuma unakua haraka kuliko spidi yenyewe. Yaani spidi haijafika hata mara mbili, umeme umekuwa mara nne. Hapo ndipo hela inapopotelea: betri kubwa, waya nene, kontrola (kisanduku kinachoongoza umeme wa mota) kubwa, kisha breki zinashindwa. Ulaya sheria yao ya baiskeli za kusaidiwa na umeme ni mota ya wati 250, na msaada unakatika kwenye kilomita 25 kwa saa. Kwa tambarare kama huku kwetu au Shinyanga, kiwango hicho kinatosha kabisa kwa mtu anayeendelea kukanyaga pedeli.

Sasa tuje kwenye baiskeli yenyewe, maana hapa ndipo seti nyingi za kuagiza zinapokwama.

Phoenix, Hero, Avon na ndugu zake zina ringi ya inchi 28. Muuzaji wa seti naye ataandika inchi 28. Hizo 28 mbili si moja. Ringi ya Phoenix ni ya milimita 635 pale tairi linapokaa. Ya seti kwa kawaida ni 622. Tairi lako halitakaa. Halafu hesabu matundu ya spoku: baiskeli hizi za asili huwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, wakati mota nyingi za kwenye habu (kitovu cha gurudumu) zina matundu 36. Kwa hiyo hata ukisema ununue mota tupu uisuke kwenye ringi yako, matundu hayalingani. Na breki za fito, zile zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya, zinabana ringi kwa upande wa ndani. Ukiweka ringi ya aina nyingine, zile breki hazina pa kushika.

Ndiyo maana mtu akiniuliza aanze na baiskeli gani, namwambia atafute ya mtumba, ya gia, inchi 26, foku (uma wa mbele) ya chuma isiyo na springi, yenye breki za mikono miwili zinazobana ringi kutoka pembeni. Kila kitu cha seti ya inchi 26 kinaingia bila ugomvi, na breki unazo tayari.

Mwenye Phoenix asikate tamaa, njia ipo, nitaieleza chini nikiulizwa. Karibuni.

Kijana wa Uyole

Mkuu umeanza vizuri ila huku Mbeya hakuna tambarare unayoisema. Mimi nabeba viazi. Wati 250 si nitaishia kusukuma?

FundiWaya

Mkuu, swali zuri, tupige hesabu. Wewe, baiskeli na gunia dogo tuseme kilo 150. Mlima unaopanda mita 5 kwa kila mita 100, spidi 15 kwa saa: unahitaji karibu wati 400. Miguu ya mtu mzima aliyezoea inatoa kama 100 kwa muda mrefu. Mota inatakiwa itoe 300 zilizobaki, na hizo ni zile zinazofika kwenye tairi, si zinazotoka kwenye betri. Kwa hiyo Uyole 250 itateseka.

Ila usikimbilie ukubwa kabla hujaangalia aina. Zipo mota za kwenye habu zenye gia ndani: nyepesi, kama kilo 3, zina nguvu ya kuondokea, na ukizima umeme tairi linazunguka huru. Zipo zisizo na gia: nzito, zinadumu kwa sababu hakuna cha kusagika, lakini kwenye mlima wa polepole zinakula umeme mwingi na kugeuza sehemu kubwa kuwa joto. Kwa Mbeya usichukue hizo za pili.

Ya tatu ni mota inayokaa kwenye krenki, pale katikati panapozungushwa na pedeli. Hiyo inapitisha nguvu kwenye cheni yako, kwa hiyo unapobadilisha gia na yenyewe inapata nafuu. Kwa milima ndiyo mfalme. Bei yake iko juu, na cheni na sproketi zitaisha mapema kuliko ulivyozoea. Kwa biashara ya viazi Mbeya ningekushauri ujikusanye ufikie hiyo, au uchukue ya habu yenye gia ya wati 500 na ukubali kupanda taratibu huku unakanyaga. Dalili ya kuiua mota ya habu ni kupanda mlima mrefu chini ya spidi ya mtu anayekimbia taratibu, huku umeshika throto (kishikio cha kuongezea umeme) hadi mwisho. Ukiigusa ikawa haishikiki kwa joto, pumzika.

Nyalenda254

Habari ndugu zetu wa Tanzania. Mimi niko Kisumu, nabeba abiria na baiskeli, hii Kiingereza ya 28. Naomba ile njia ya mwenye Phoenix. Abiria wangu wengine ni wazito kweli.

FundiWaya

Karibu sana ndugu yetu.

Kwanza sifia ulichonacho. Lile gurudumu la nyuma la spoku 40 limetengenezwa kwa mzigo. Usilivunje. Ukiweka mota ya habu nyuma utakuwa umetoa gurudumu lako imara na kuweka lenye spoku 36 tu, halafu umkalishe abiria juu yake. Spoku zitaanza kukatika upande wa mnyororo.

Una njia mbili.

Ya kwanza ni mota ya pembeni yenye cheni yake. Wahindi wanaitumia sana kwenye hizi Hero na Avon zao: mota ya brashi ya volti 24, wati 250, yenye gia za kupunguza mzunguko. Inafungwa kwa kibao cha chuma kwenye fremu karibu na gurudumu la nyuma, inavuta sproketi ya upande wa kushoto kwa cheni fupi. Ringi yako inabaki, spoku zako zinabaki, betri zinahitajika mbili tu za volti 12 zikifungwa mfululizo. Kontrola yake ni rahisi, hata fundi wa redio anaielewa. Ubaya wake: ina kelele, brashi zinaisha na kubadilishwa, na cheni isiponyooka na sproketi itakuwa inaruka kila siku. Mchomeleaji wako awe mtu wa kupima kwa rula kabla hajawasha mashine.

Ya pili ni mota ya habu mbele, kwenye ringi ya 622 yenye matundu 36. Hapo breki ya fito ya mbele unaing'oa na kuweka breki ya kubana pembeni yenye mikono mirefu. Tazama kama foku yako ina tundu katikati ya shingo la kupitishia bolti ya breki. Faida ni kwamba gurudumu la mzigo halijaguswa. Ila abiria akikaa nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, kwa hiyo kwenye kilima chenye mchanga au matope tairi la mota litaserereka. Kwa lami ya mjini sawa. Kwa barabara ya vumbi chukua ya kwanza.

Na breki, ndugu yangu. Fito kwenye ringi ya nikeli iliyolowa mvua hazishiki, unalijua hilo kuliko mimi. Ulikuwa unaenda 12 kwa saa, sasa utaenda 22 na mtu nyuma. Kazi ya kusimamisha inakua kwa mraba wa spidi, maana yake breki zako zinapewa kazi zaidi ya mara tatu. Kabla hujanunua hata waya mmoja, weka nyuma breki ya ngoma au ya mkanda, inayoshika kwenye habu. Hiyo haisumbuliwi na mvua kama fito.

Nyalenda254

Nimekupata fundi. Hiyo ya breki ya mkanda nitaanza nayo hata kabla ya mota. Asante.

Mzee wa Spana

Mleta uzi, seli za betri za laptop zilizotupwa zinapatikana bure mtaani. Kwa nini mtu anunue betri mpya? Mimi naona hapo ndipo bajeti inapookolewa.

FundiWaya

Mzee shikamoo. Inawezekana, na wapo wanaofanya vizuri, lakini hebu tuone kazi yenyewe ilivyo.

Seli moja ya lithiamu ya zile za mviringo ina volti 3.6 za kawaida, ikijaa 4.2. Ili kupata betri ya volti 36 unahitaji makundi 10 mfululizo. Ikijaa inasoma 42. Kontrola ndogo inavuta hadi ampea 15. Seli za laptop hazikuundwa kutoa ampea nyingi, na hizi zimeshazeeka. Ukiweka seli 4 kwa kila kundi, kila moja inatoa karibu ampea 4, inachemka. Weka 6, kila moja inatoa 2.5, hapo angalau. Kwa hiyo ni seli 60 nzima, zilizopimwa.

Kupimwa maana yake nini: ile unayoikuta chini ya volti 2 tupa, usiifufue. Zilizobaki chaji hadi 4.2, ziache wiki mbili mezani, pima tena. Iliyoshuka yenyewe wakati wenzake wamesimama ina ugonjwa ndani, itoe. Halafu pima ujazo wa kila moja kwa chaja inayohesabu, upange makundi yawe na jumla zinazolingana. Kuunganisha ni kwa ukanda wa nikeli na mashine ya kuchomelea kwa pigo moja. Ukishikilia pasi ya kuyeyushia risasi juu ya seli unapika kilichomo ndani.

Kisha bodi ya ulinzi, ile BMS. Kazi yake ni kukata chaji kundi lolote likifika juu, kukata matumizi kundi lolote likishuka sana, na kukata umeme waya zikigusana. Bila hiyo hakuna betri, kuna hatari imewekwa kwenye mfuko. Na hata ikiwepo, haiwezi kuona seli iliyoharibika kwa ndani.

Ukijumlisha muda, chaja, mashine, nikeli na bodi, akiba inabaki ndogo. Kwa mtu mwenye vifaa na uvumilivu, sawa. Kwa anayetaka baiskeli ya kwendea kazini, betri mpya ya duka linalompa waranti ndiyo rahisi kwa mwaka wa pili na wa tatu. Betri peke yake mara nyingi inakula nusu ya bajeti nzima, na ndivyo inavyotakiwa.

Mbongo wa Bronx

Naunga mkono hoja. Huku New York moto wa betri za baiskeli umeua watu, hasa wakati wa kuchaji ndani ya nyumba za ghorofa. Jiji likapitisha Local Law 39 ya 2023: tangu Septemba mwaka ule baiskeli ya umeme haiuzwi bila kuthibitishwa kwa kiwango cha usalama cha UL 2849, na betri kwa UL 2271. Sisemi huko nyumbani mtafute vyeti hivyo kwa kila kitu, lakini ukiagiza betri mpya tafuta iliyoandikwa hivyo kama bei inaruhusu. Na msichaji kwenye korido au mlangoni. Moto ukianza pale, njia ya kutokea imefungwa.

FundiWaya

Mkuu umenisaidia sana. Niongezee kwa sisi wa nyumba za chini: usichaji kwenye godoro, usichaji umelala, na betri iliyotoka juani iache ipoe kwanza. Soma pia maandishi ya chaja. Betri ya lithiamu ya volti 36 inataka chaja ya 42, ya 48 inataka 54.6. Plagi mara nyingi zinafanana na zinaingia zote. Ukichomeka ya 54.6 kwenye betri ya 36, kinachokutenganisha na moto ni ile bodi peke yake.

Chumbageni

Tanga hapa. Mkuu hujagusa chumvi. Huku pwani soketi zinaota ukungu wa kijani upesi sana, baiskeli inaanza kukatakata umeme, watu wanalaumu mota. Mimi napaka grisi kwenye kila kiunganishi kabla ya kukifunga, na waya unaoingia kwenye kontrola nauacha uning'inie kwanza chini kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondoke pale badala ya kufuata waya hadi ndani. Na wenye tabia ya kupeleka baiskeli ikaoshwe kwa mashine ya presha, acheni. Maji yanaingia pale waya wa mota unapotokea kwenye ekseli.

FundiWaya

Hili la waya kuning'inia ni dhahabu, wakuu chukueni.

MamaSabuni

Habari zenu kaka zangu. Mimi niko Morogoro, natoka Kihonda kupeleka sabuni za maji mjini. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 16, mzigo kilo 30. Nina baiskeli ya mtumba inchi 26, foku ya chuma, breki nzima. Nimeambiwa nianze na betri za asidi kama za UPS kwa kuwa ni rahisi, lithiamu baadaye. Nifanyeje? Na luku itakula kiasi gani?

FundiWaya

Dada, baiskeli yako ndiyo hasa ninayoitaka. Chukua seti ya mbele, inchi 26, volti 36, wati 250, mota yenye gia ndani. Itakuja na gurudumu limeshasukwa, kontrola, throto, mikono ya breki yenye swichi ya kukata umeme ukikaba, na kile kisahani cha sumaku kinachokaa kwenye krenki kuhisi unakanyaga. Vyote vifunge. Watu hutupa kisahani kile na kubaki na throto peke yake, halafu wanalalamika betri haidumu.

Betri sasa. Tatu za asidi, volti 12 ampea-saa 12 kila moja, zina uzito wa kama kilo 12 jumla. Kwa karatasi ni wati-saa 432, lakini asidi ukiitoa haraka haitoi yote, na ukizidisha nusu kila siku unaifupishia maisha. Hesabu kama 200. Kwa mzigo wako, ukikanyaga, kila kilomita inakula kama wati-saa 12. Kilomita 16 mara 12 ni 192. Inatosha leo zikiwa mpya. Baada ya miezi kadhaa hazitafika.

Lithiamu ya volti 36 ampea-saa 10 ni wati-saa 360, uzito wa kama kilo 3, na unarudi nyumbani na akiba. Ningekuwa wewe ningesubiri miezi miwili mitatu nijazie hela. Kama biashara haisubiri, anza na asidi, kontrola ya 36 itakubali zote mbili. Chaja ndiyo utabadilisha bila kukosa: ya asidi inapandisha hadi karibu volti 44, na lithiamu yako mwisho wake ni 42.

Luku usiogope. Kujaza wati-saa 360 pamoja na upotevu wa chaja ni chini ya nusu uniti. Hata kwa anayelipa shilingi 356 kwa uniti, haifiki shilingi 200 kwa kujaza toka sifuri.

Fyuzi ya ampea 20 iwe karibu na betri kabisa, si mwisho wa waya. Betri ikae katikati ya fremu, usiifunge kwenye keria pamoja na sabuni.

Na la mwisho kwako: ekseli ya mota inajaribu kujizungusha kwa nguvu ile ile inayosukuma tairi. Kinachoizuia ni yale mabega mawili bapa yaliyokaa kwenye mdomo wa foku. Nati ikilegea, mdomo unapanuka, ekseli inazunguka, inakata waya zake yenyewe na gurudumu linachomoka. Kuna kipande cha chuma cha kuizuia, kinaibana ekseli na upande wa pili kinafungwa kwenye mguu wa foku. Seti nyingi haziji nacho. Mchomeleaji yeyote anaweza kukukatia cha bati la milimita 6, tundu lipigwe msasa hadi ekseli iingie kwa kugombana. Weka pande zote mbili.

MamaSabuni

Asante sana kaka. Nimepima mdomo wa foku kwa ndani, kutoka upande hadi upande ni milimita 96. Seti imeandikwa 100. Itaingia?

FundiWaya

Itaingia dada, chuma kinavumilia milimita 4. Usivute kwa mikono, upande mmoja utapinda kuliko mwingine. Chukua bolti ndefu ya uzi mzima na nati mbili, ziweke kwa ndani, kila nati na washa yake ikigusa mdomo wake, uzifungue kwenda nje taratibu kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule. Ipitishe kidogo, kwa sababu ukilegeza chuma hurudi nyuma. Ikisimama kwenye 100, weka gurudumu na utazame kutoka mbele kama tairi liko katikati ya miguu ya foku. Likiwa limeegemea upande, niletee picha hapa kabla hujafunga waya.